Mwanachuoni Mbele ya Mtawala: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt na Ukadhi wa Zanzibar

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Katika mji wetu wa Sumbawanga, na katika vijiji vya uwanda wa Ufipa mpaka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kuna suala ambalo halikosi kuulizwa kila maimamu wanapokaa pamoja. Imamu anaitwa ofisini. Anatakiwa akae katika baraza la usuluhishi wa ndoa, au aingie katika kamati, au atoe ushauri katika shauri la mirathi lililopelekwa mahakamani. Je, aende au asiende? Akienda, wapo watakaosema kuwa ameuza elimu yake. Asipoenda, mwanamke aliyetelekezwa na mumewe miaka mitatu atakwenda kwa nani? Na yatima ambaye shamba la baba yake limeshikwa na ami zake, haki yake atampa nani?

Sisi tumeona kuwa jibu la suala hili halipatikani kwa kupandisha sauti. Linapatikana kwa kurudi kwenye vitabu vya fiqhi na kwa kutazama waliotutangulia walifanyaje walipofikwa na mtihani huu huu. Na katika Afrika ya Mashariki hatujui mfano ulio wazi zaidi kuliko wa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt (Mwenyezi Mungu amrehemu), ambaye alikuwa kadhi katika dola ya Zanzibar tangu enzi ya Sayyid Barghash mpaka alipofariki mwaka 1343 Hijria, sawa na 1925 Miladia.

Karne ya mitihani

Ndugu msomaji, karne ya kumi na tisa Miladia ilikuwa karne nzito kwa watawala wengi wa Mashariki. Manowari za Ulaya zilikuwa bandarini, mikataba ilikuwa mezani, na kila mtawala alikuwa akijiuliza atajengaje upya dola yake kabla haijachukuliwa. Ndipo katika nchi nyingi wakatokea watu wa elimu waliokaa karibu na kiti cha ufalme wakitafuta njia ya kutengeneza mambo bila ya kuyavunja. Tunis alikuwako Khayr al-Din, aliyeandika kitabu chake mashuhuri juu ya sababu za nguvu za dola mwaka 1867, akawa waziri mkuu wa Tunis kuanzia 1873 mpaka 1877. Hata katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu kama Burma, mfalme Mindon alimtuma waziri wake msomi Kinwun Mingyi kwenda Ulaya mwaka 1872 akaone mambo ya huko. Yote hayo hayakuizuia Burma kuchukuliwa na Waingereza mwaka 1885.

Zanzibar nayo ilikuwa katika hali hiyo hiyo. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Yeye ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, akavuta maji safi mjini, na akaweka mtambo wa kupigia chapa vitabu vya dini, hasa vya madh-hebu ya Ibadhi ambayo ndiyo madh-hebu ya ukoo wa kifalme. Lakini raia wake wengi, Waswahili, Washihiri, Wangazija na watu wa Barawa, walikuwa ni Mashafi. Kwa hiyo desturi ya dola ikawa ni kuweka makadhi wa namna mbili: kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafi. Mtawala wa madh-hebu moja anamteua hakimu wa madh-hebu nyingine, naye anahukumu kwa vitabu vyake. Jambo hili si dogo. Ni uadilifu wa kiutawala ambao nchi nyingi hazikuujua.

Kabla ya Sayyid Ahmad, aliyepata jina kubwa katika ukadhi huo wa Kishafi ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, mzaliwa wa Barawa. Aliteuliwa kuwa kadhi wa Kilwa angali kijana mdogo katika siku za Sayyid Said bin Sultan, kisha akawa kadhi Zanzibar kwa muda mrefu. Hakuwa kadhi tu. Masultani walimtumia kama mshauri na mjumbe, na Sayyid Barghash alimtuma mpaka upande wa Mto Ruvuma kwa mambo ya dola. Alifariki mwaka 1896. Basi njia ya mwanachuoni kuwa mtu wa serikali ilikuwa imekwisha fungulwa.

Lakini msomaji asidhani kuwa njia hiyo ilikuwa laini. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, alitiwa gerezani na Sayyid Barghash kwa sababu ya mambo ya madh-hebu na mafunzo yake, asitoke mpaka Sayyid Barghash alipofariki na kushika nchi Sayyid Khalifa mwaka 1888. Mkono uliokuwa ukitoa ukadhi ndio uliokuwa ukifunga jela. Katika hali hiyo ndipo tuangalie mwenendo wa Ibn Sumayt.

Kukua kwake na kutafuta kwake elimu

Sayyid Ahmad alizaliwa Itsandraa, kisiwa cha Ngazidja, mwezi wa Rajab mwaka 1277 Hijria, sawa na 1861 Miladia. Baba yake, Sayyid Abubakar bin Abdallah, alikuwa mtu wa Shibam, Hadhramaut, mfanyabiashara na mtu wa elimu aliyehamia visiwa hivyo. Katika ujana wake Sayyid Ahmad alijifunza unahodha na akasafiri na vyombo. Aliijua bahari kama alivyojua kitabu, na baadaye elimu ya nyota na ya majira ilikuwa moja katika elimu alizosifiwa nazo.

Alikwenda Hadhramaut akasoma kwa mashekhe wakubwa wa huko. Aliporejea Zanzibar, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu, Sayyid Barghash alimpa ukadhi. Hapa pana zingatio. Mtawala wa Kiibadhi, mwenye nguvu na mwenye hasira, amemchagua kijana wa Kishafi kutoka Ngazidja kwa sababu ya elimu yake.

Lakini haukupita muda mrefu zikaingia tofauti baina yake na Sayyid Barghash. Waliosimulia habari zake, na mbele yao Sheikh Abdallah Saleh Farsy katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, wanaeleza kuwa Sayyid Ahmad aliuacha ukadhi akaondoka Zanzibar. Ilikuwa kiasi cha mwaka 1303 Hijria. Hakukaa mjini akatengeneza kundi la kumpinga Sultani. Hakubaki katika kiti akihukumu kwa mashaka. Alichukua vitabu vyake akapanda chombo.

Alifika Istanbul, na huko akakaa na kusoma kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, maarufu kwa jina la Fadhl Pasha. Huyu alikuwa Sharifu wa Malabar aliyeondoshwa na Waingereza India mwaka 1852, akatawala Dhofar kwa miaka michache kuanzia 1876, kisha akawa mtu wa karibu na Sultani Abdulhamid wa Pili. Kwa njia hiyo Ibn Sumayt aliiona dola kubwa ya Waislamu kutoka ndani, na akatunukiwa nishani ya Majidi. Alipita pia Misri akakutana na wanavyuoni wa Azhar, akaenda Makka, akafika India na Java. Sheikh Farsy ametaja pia mawasiliano yake na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Sayyid Ahmad hakuwa mwanafunzi wa Abduh wala hakuacha madh-hebu yake na tariqa ya mababa zake. Lakini alikuwa ni mtu aliyesoma yanayoandikwa Cairo na kuyapima.

Sayyid Barghash alipofariki mwezi Machi 1888, Sayyid Ahmad alirudi Zanzibar na akarejeshewa ukadhi. Akaushika mpaka mwisho wa umri wake. Tukiwahesabu tangu Sayyid Barghash mpaka Sayyid Khalifa bin Harub, alifanya kazi chini ya masultani saba, bila ya kumhesabu Sayyid Khalid ambaye hakukaa ila siku chache za mwezi Agosti 1896 mpaka Waingereza walipopiga mizinga.

Alitengeneza nini?

Mtu anaweza kuuliza: huyu mnayemwita mtengenezaji wa mambo, alitengeneza nini? Hakuanzisha chama, hakutoa gazeti, hakusimama sokoni akihutubia. Ni kweli. Matengenezo yake yalikuwa katika jambo ambalo ndilo mzizi wa ukadhi, nalo ni namna ya kusoma na kutoa hukumu.

Kitabu kinachotegemewa na Mashafi wa pwani yetu katika kuhukumu ni al-Minhaj cha Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria). Sote tuliosoma tunajua kuwa Imamu Nawawi hakuandika masuala tu. Aliweka alama za maneno zinazoonyesha nguvu ya kila kauli. Akisema "al-adh-har" anakusudia kuwa Imamu Shafi mwenyewe ana kauli mbili au zaidi katika suala hilo, na hitilafu yake ni yenye nguvu. Ikiwa kauli ya pili ni dhaifu husema "al-mash-hur". Akisema "al-asahh" hitilafu si ya Imamu Shafi mwenyewe bali ni ya watu wake, na ni yenye nguvu. Ikiwa upande wa pili ni dhaifu husema "as-sahih". Akisema "al-madh-hab" hitilafu iko katika njia ya kuipokea madh-hebu yenyewe. Na akisema "al-jadid" basi kuna kauli ya zamani ya Imamu Shafi, kabla ya kuhamia Misri, iliyo kinyume na hiyo.

Sayyid Ahmad aliandika kitabu kizima juu ya istilahi hizi, akakiita al-Ibtihaj. Mtu asiyekuwa wa fani atadhani haya ni mambo ya wanafunzi tu. Sivyo. Kadhi asiyezijua alama hizi anaweza kushika kauli dhaifu akaivunja ndoa ya watu, au akashika upande mmoja wa hitilafu yenye nguvu akamwita mwenzake mpotovu. Kadhi anayezijua anajua pa kukaza na pa kulegeza, anajua wapi hukumu ya kadhi mwingine haiwezi kutenguliwa, na anajua namna ya kuandika hukumu ambayo mwenziwe ataisoma akaielewa. Katika mji wenye makadhi wa madh-hebu mbili na Sultani mwenye madh-hebu yake, na baadaye majaji wa Kiingereza wanaotaka kila jambo waonyeshwe lilipotoka, elimu hii ilikuwa ni ngao ya haki za watu.

Tengenezo la pili ni watu. Rafiki na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ndiye aliyeijenga madrasa mashuhuri ya Ukutani, mjini Zanzibar. Wanafunzi walikuja kutoka kila upande wa pwani na visiwa. Wote wawili walifariki katika mwaka mmoja, 1925. Miongoni mwa waliosoma kwa Ibn Sumayt ni Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, mtoto wa yule Sheikh Ali aliyefungwa na Sayyid Barghash. Sheikh al-Amin ndiye aliyetoa karatasi ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la al-Islah mwaka 1932, akawaandikia Waislamu kwa Kiswahili chao, kisha mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na mtoto wa Ibn Sumayt mwenyewe, Sayyid Umar, alikuja kuwa kadhi mkubwa wa Zanzibar. Tazama basi mnyororo ulivyo: mtu aliyeuacha ukadhi kwa kulinda dhamiri yake ndiye aliyerudi akalea makadhi.

Vitabu vya fiqhi vinasema nini?

Sasa tuje kwenye hukumu yenyewe. Ukadhi katika sharia ni faradhi ya kutosheleza. Wakiusimamia wanaofaa, wengine wanaokoka na dhambi. Wakiuacha wote, wote wanaingia dhambini. Na katika nchi ambayo hapana anayefaa ila mtu mmoja, wanavyuoni wa Kishafi wamesema kuwa ni wajibu juu yake kuukubali, bali hata kuuomba. Dalili wanayoitaja wengi ni kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) alipomwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake. Mfalme yule hakuwa wa dini yake.

Kwa upande wa pili iko hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud na wengineo juu ya makadhi watatu, kwamba mmoja ni wa Peponi na wawili ni wa Motoni: aliyeijua haki akahukumu kinyume chake, na aliyehukumu kwa ujinga. Ndiyo maana Imamu Abu Hanifa alikataa ukadhi na akapata taabu kwa kukataa kwake, na mwanafunzi wake Abu Yusuf akaukubali katika siku za Harun al-Rashid akaitumikia sharia kwa cheo hicho. Wote wawili ni maimamu wetu. Hatumlaumu aliyekataa kwa hofu ya Mola wake, wala hatumtukani aliyekubali kwa kuchunga maslahi ya watu.

Je, ikiwa anayeteua hakutimiza masharti, au aliyeteuliwa hakutimiza? Imamu Nawawi ameeleza katika al-Minhaj kuwa mtawala mwenye nguvu akimweka asiyetimiza sifa zote, hukumu yake inapita kwa dharura, ili mambo ya watu yasipotee. Na Imamu Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki 660 Hijria), ambaye mwenyewe aliwahi kuuacha ukadhi wa Misri, amelizungumza jambo zito zaidi: makafiri wakilishika eneo kubwa kisha wakamweka mtu wa kuhukumu kwa maslahi ya Waislamu, kinachodhihiri kwake ni kuwa hukumu hizo zinapita, kwani rehema ya sharia haikubali maslahi ya wote yaachwe na madhara yawafike.

Maneno haya ndiyo yanayotufungulia hali ya Ibn Sumayt baada ya mwaka 1890, Zanzibar ilipoingia chini ya himaya ya Waingereza. Sultani alibaki, makadhi walibaki, lakini nguvu ilikuwa kwingine. Mwaka baada ya mwaka eneo la makadhi lilipunguzwa: jinai ikatoka, biashara ikatoka, kikabakia kile kinachohusu ndoa, talaka, mirathi na wakfu, nacho chini ya macho ya majaji wa Kiingereza. Walikuwako waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo, kuwa kwa kukaa kwake alikipa kibali kitu kisichostahiki kibali. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Kila mwanachuoni anayekaa katika chombo cha serikali anakipa heshima yake, apende asipende.

Lakini tuulize upande wa pili: angeondoka tena, kama alivyoondoka 1303 Hijria, nini kingekuwa? Jaji asiyejua Kiarabu angehukumu mirathi ya Waislamu kwa tafsiri ya tafsiri, au kiti kingepewa mtu mwenye kilemba asiyekuwa na elimu. Sisi tunaona kuwa kuondoka kwake kwa kwanza na kubaki kwake kwa pili havipingani. Mara ya kwanza kulikuwa na wengine wa kushika kazi, akiwemo Sheikh Abdulaziz al-Amawy, na hitilafu ilihusu uhuru wake na mtawala. Mara ya pili kilichokuwa hatarini ni haki ya watu yenyewe. Kipimo chake kilikuwa kimoja katika hali zote mbili: je, naweza kuhukumu kwa ninachokijua kuwa ni haki? Akiweza alikaa, asipoweza aliondoka.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Ufipa?

Msomaji anaweza kusema: Zanzibar iko mbali. Ni kweli, iko mbali, na hata katika enzi hizo ilikuwa mbali. Misafara ya pwani ilifika Ufipa. Msafiri wa Scotland, Joseph Thomson, alipopita hapa mwaka 1880 alifika kwa Kapufi, mtawala wa Nkansi, na bidhaa za pwani zilikuwa zikijulikana katika nchi hii ya wafuaji chuma na wafumaji nguo. Lakini kalamu ya kadhi wa Sultani haikufika. Wafipa walikuwa na watawala wao na mabaraza yao, na Mwislamu aliyefika huku na bidhaa alikuja bila mahakama. Wamisionari wa Kikatoliki walikita Karema mwaka 1885, na kwa miaka mingi iliyofuata shule na kanisa vikaenea uwandani. Waislamu wakawa wachache, wamesambaa, wengi wakiwa na mama, ndugu na wakwe wasiokuwa wa dini yao.

Tanzania Bara mfumo wa mahakama za maliwali ulikomeshwa mwaka 1963. Zanzibar makadhi wamebaki ndani ya mahakama za nchi. Huku kwetu kadhi aliyewekwa na Waislamu hana nguvu ya dola ya kumlazimisha mtu. Lakini kazi haikwisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi, yakiwemo ya Waislamu, na mtu anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida hupitia kwanza hapo. Na mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sharia ya Kiislamu. Maana yake ni kuwa imamu wa Sumbawanga, Namanyere au Kasanga anayekaa katika baraza hilo yuko katika kiti kidogo cha jamii ile ile ya kiti cha Ibn Sumayt. Asijidanganye kuwa ni cheo cha chai na posho.

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu mambo manne.

La kwanza, ijue tahkim. Sharia imeruhusu watu wawili wenye ugomvi kumchagua mtu awahukumu, bila ya kuteuliwa na mtawala, katika yasiyokuwa adhabu za haki ya Mwenyezi Mungu. Sharti lake katika madh-hebu yetu ni kuwa mtu huyo awe na sifa za kuhukumu, na wawe wameridhia kabla. Kila mmoja wao anaweza kurudi nyuma kabla hukumu haijatolewa. Ikishatolewa, kwa kauli ya al-adh-har haihitajiki ridhaa mpya. Tunashauri kuwa ridhaa hiyo iandikwe na ishuhudiwe kabla ya kikao kuanza. Maneno mengi yanayovunja misikiti huanza pale mtu aliyeshindwa anapodai kuwa hakukubali kuhukumiwa.

La pili, jifunze kabla ya kukaa. Tuliyoyataja katika istilahi za Nawawi si mapambo. Kwetu huku mirathi inachanganyika na udugu wa dini mbalimbali. Katika hadithi ya Usama bin Zaid iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Imamu anayelijua hilo peke yake atamwambia Mwislamu mwenye mama Mkatoliki kuwa mama yake hana kitu, na ugomvi utawaka ukoo mzima. Imamu aliyesoma zaidi atamwambia mtu huyo angali hai kuwa milango miwili iko wazi: kumpa mama yake zawadi akiwa mzima, na kumuusia katika thuluthi ya mali yake, kwani wasia kwa asiyekuwa mrithi, hata akiwa si Mwislamu, unajuzu. Suala ni lile lile, lakini elimu ndiyo inayolilinda shamba la bibi kizee na udugu wa watu.

La tatu, zuia mkono. Vitabu vyetu vimeharamisha kadhi kupokea zawadi kutoka kwa mwenye shauri mbele yake, na kutoka kwa ambaye hakuwa na desturi ya kumpa kabla ya cheo. Debe la mahindi au mkungu wa ndizi unaoletwa usiku wa kuamkia kikao ni rushwa, japo mletaji anauita sadaka. Na aliyealikwa ofisini akapewa nauli yake, na ajue mpaka wa nauli ni wapi.

La nne, ujue mlango wa kutokea kabla hujaingia. Huenda hili ndilo kubwa zaidi tulilojifunza kwa Sayyid Ahmad. Alipoona hawezi kuendelea, aliondoka bila ya fitina, akazidisha elimu, akarudi ulipofika wakati wa kurudi. Mtu asiyeweza kuacha cheo hawezi kukitumikia kwa haki, kwa kuwa mwenye kukitoa anamjua udhaifu wake. Basi imamu anayekubali kukaa katika baraza ajiwekee mwenyewe, tangu siku ya kwanza, mpaka ambao ukivukwa atarudisha ufunguo na kurudi kwenye darasa lake.

Na sisi tusiokaa katika viti hivyo tuna wajibu wetu. Tusimwite kila aliyekubali kazi kuwa ni kibaraka, na tusimwite kila aliyekataa kuwa ni mchochezi. Kama tunataka makadhi wa haki, tuwasomeshe vijana wetu. Mzazi anayemtoa mtoto wake madrasa akiwa amehitimu juzuu chache tu, kisha akalalamika kuwa mji hauna mtu wa kugawa mirathi, ajilaumu yeye kwanza.

Sayyid Ahmad bin Sumayt alifariki tarehe 13 Shawwal 1343 Hijria, sawa na tarehe 7 Mei 1925, akazikwa penye Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, Zanzibar. Masultani aliowatumikia wamekwisha na dola yao imekwisha. Himaya iliyompunguzia kazi yake nayo imekwisha. Kilichobaki ni kitabu kinachosomwa, na wanafunzi wa wanafunzi wa wanafunzi wake wanaogawa mirathi ya watu katika miji ambayo yeye hakupata kuiona kwa macho, na huenda mmoja wao ni imamu anayesoma maneno haya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mashekhe wetu wote, atujaalie elimu yenye manufaa, na awape wanaohukumu baina yetu moyo wa kuiogopa siku ambayo kila kadhi atasimama kuhukumiwa. Wabillahi tawfiq.